Mgonjwa Naye Ana cha Kutoa

Mwaka 1997 Mrusi Aleksandr Sokurov alitoa filamu inayoitwa Mama na Mwana. Haifiki hata saa moja na nusu, na karibu yote ina watu wawili tu: mama aliye katika siku zake za mwisho na kijana wake anayemuuguza. Mama anataka kutoka nje. Miguu haina nguvu, kwa hiyo mwanawe anambeba mikononi, anapita naye njia za vumbi katikati ya miti, anamketisha kwenye benchi, anamsomea kadi za posta za zamani, anamrudisha kitandani. Hakuna daktari, hakuna jirani, hakuna ndugu wa kugombana naye. Rafiki yangu aliyesoma chuo pale Magamba alinirushia kwenye simu akisema, "Hii ni wewe na mama."

Si sisi. Huku Usambara mtu akimbeba mama yake njiani, kabla hajafika kona ya kwanza watakuwa wametokea wanaume wanne wenye machela. Lakini kuna jambo katika filamu ile lililonishika, nalo halimhusu kijana. Mama yule, pumzi zikiwa zimebaki chache, anamsikitikia mwanawe kwa yote yatakayomkuta duniani. Yeye ndiye anayekufa, na huruma inatoka kwake kwenda kwa mzima.

Tangu mama yangu apate kiharusi nimekuwa na swali moja, na nimelipeleka kwa masheikh na wachungaji ninaowaheshimu. Kijana anapomuuguza mama yake, anafanya nini hasa mbele ya Mungu? Kazi ya mikono naijua. Nauliza kitendo chenyewe kiwekwe fungu gani: ni malipo, ni sadaka, ni ibada, au ni kazi tu iliyomwangukia kwa kuwa dada zake wameolewa mbali?

Jibu la haraka hapa Kwai ni deni. Mama alikubeba tumboni, akakunyonyesha, akakesha ukiwa na homa. Sasa ni zamu yako. Nimelisikia kwenye hotuba ya Ijumaa na nimelisikia matangani. Mama mkubwa wangu ni Mlutheri, maana ukoo wetu, kama koo nyingi za milimani huku, una msikiti na kanisa ndani yake. Yeye hunikumbusha amri ya nne, kwa hesabu ya katekisimu yao, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mwisho wa maneno yake ni uleule: ulipewa, rudisha.

Imamu Bukhari, katika kitabu chake cha adabu, Al-Adab al-Mufrad, amepokea kisa cha mtu wa Yemen aliyekuwa akiizunguka Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni. Mtu yule akamuuliza Abdallah bin Umar kama kwa kazi ile amekwisha kumlipa mama yake. Ibn Umar akamwambia kwamba hajalipa hata mguno mmoja wa uchungu wa siku aliyozaliwa.

Kisa hiki hutumika sana kututisha vijana. Mhubiri akikifikisha pale kwenye mguno hunyamaza kidogo, ili kila mmoja ajione alivyo mdeni. Mimi kila nikikisikia naona kwamba Ibn Umar alimtua mtu yule mzigo wa pili, ule ambao haukuwa mgongoni. Mama alikuwa mzito vya kutosha. Juu yake mwana alikuwa amebeba na daftari. Anazunguka na anajumlisha. Akaambiwa hesabu ile haifungi hata akizunguka mpaka kiama. Kama haifungi, basi hakuna haja ya kuihesabu, na jambo analolifanya si malipo. Ni kitu kingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu deni lina tabia zake. Anayelipa hutamani kumaliza, na deni la mama haliwezi kumalizika mama akiwa hai. Kwa hiyo anayeuguza kwa moyo wa kulipa, hata asiposema, anangoja siku ya kufunga daftari, na siku hiyo ni siku ya mazishi. Isitoshe, anayelipwa hana kazi nyingine zaidi ya kupokea. Anakaa pale, anawekewa. Mama aliyelea watu, aliyepanga mbegu na mavuno, aliyepatanisha majirani, anageuzwa kuwa mahali pa kuwekea malipo.

Wale wanaotuhimiza kwa thawabu nao nina neno nao. Siikatai thawabu, nami naitaka. Lakini nikimgeuza mama ubavu wa kushoto saa nane za usiku huku mawazo yangu yote yako kwenye Pepo yangu, basi chumbani pale tupo watu wawili na ninayemhudumia ni mimi.

Niseme kazi yenyewe ilivyo. Kiharusi kilimpiga mama upande wa kulia, mkono na mguu, kikachukua na sehemu kubwa ya maneno. Mgonjwa wa namna hii asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, nyama ya nyonga na ya kisigino huanza kufa, na kidonda cha kulalia kikishafunguka hakifungi upesi. Halishwi akiwa amelala, maana uji ukipita njia ya hewa huleta homa ya mapafu. Anaketishwa kwanza, kidevu kikielekea kifuani, kijiko kidogo, unangoja ameze. Vidonge vya presha haviachwi hata akisema leo anajisikia vizuri. Mkono uliolala unanyooshwa kila siku, kidole kwa kidole, usije ukajikunja na kubaki hivyo. Juni na Julai, ukungu wa msitu wa Magamba unaposhuka, lazima moto uwepo ndani, lakini usiwe karibu na upande usiohisi, kwa sababu ataungua naye hajui. Haya yote nilifundishwa na muuguzi mmoja wa zahanati, mama mtu mzima, aliyesimama nami nje ya mlango mpaka aliporidhika kwamba nimeshika. Namwombea dua mpaka leo.

Watu walipoona mwanamume kijana anafanya hayo walikuwa na ushauri mmoja: oa. Walisema kwa nia njema. Mke atamwogesha, atampikia, nawe utarudi shambani kama wenzako. Nikamuuliza ustadhi wetu, naye hakuzunguka. Aliniambia mke hana wajibu wa kisheria wa kumtumikia mama mkwe. Akifanya, ni wema wake na Mungu atamlipa. Wajibu wenyewe uko shingoni mwa mtoto. Wanavyuoni wengi ndivyo walivyosema, nami nashangaa kwa nini haisemwi kwa kipaza sauti. Katika milima hii binti anaolewa leo, kesho kutwa anakabidhiwa bibi asiyejiweza, na mume anakwenda zake Mombo au Dar akiwa na sifa kijijini kwamba ni mtoto anayemjali mama. Kuna dhuluma katika sifa hiyo, na ni ya watu wawili: ya binti aliyeolewa awe muuguzi bila kuulizwa, na ya mama aliyetaka mwanawe akapewa mgeni.

Kuoga ndiko kulikokuwa kugumu. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata mwana ni maharimu wa mama yake, na palipo na dharura anaweza kumhudumia mpaka kumsafisha, akizuia macho pasipolazimu. Kwa hiyo sheria ilikuwa na nafasi. Mama ndiye hakuwa nayo. Nilipoleta beseni na maji ya moto alinitazama, kisha akageuzia uso ukutani. Sikuhitaji maneno. Nilikwenda kwa jirani, na tangu hapo wanawake wa mtaa wetu wamegawana asubuhi. Mimi nachota maji, nawasha moto, nafua mashuka, natoka nje mpaka niitwe. Kuna walioona kwamba nimekwepa. Mwana kweli, walisema, asingeona haya. Lakini haya ile haikuwa yangu hata niamue kuivunja.

Hapo ndipo ilipokuja akilini hadithi ambayo nilikuwa nimeisikia tangu madrasa bila kuifikiri. Imo katika Bukhari na Muslim. Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi akamwambia kwamba yule ni wa watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akalalamika kwamba anaanguka na nguo zinamfunuka, akaomba dua. Mtume akampa hiari: akitaka asubiri na malipo yake ni Pepo, akitaka aombewe apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi lake mwenyewe, ambalo halikuwa katika yale mawili aliyopewa: aombewe asiwe anafunuka. Akaombewa hilo.

Tazama mgonjwa huyu alivyo na nafasi. Amekwenda mwenyewe kwa miguu yake. Ameulizwa, hakuamuliwa. Amechagua kitu ambacho ndugu zake huenda wasingekichagua. Na baada ya kuchagua bado ana la kusema, nalo linahusu stara. Ugonjwa ulikuwa umeuchukua mwili wake mara kwa mara mbele za watu, na Mtume wa Mungu hakumchukulia uamuzi. Nadhani tukiwa na hadithi hii peke yake ingetutosha kujua namna ya kuingia chumba cha mgonjwa.

Basi mawazo yangu ni haya, nami nayaweka mbele ya wenye elimu wayapime. Kumuuguza mama ni kuendelea kuwa mtoto wake. Nasema mtoto, nikikusudia mtu anayepokea. Anayemfanyia mama kila kitu na asikubali kupokea chochote kutoka kwake amemwondolea umama akiwa bado anapumua, hata kama mashuka yake ni meupe.

Neno la kwanza kurudi kinywani mwa mama lilikuwa marahaba. Madaktari wanalijua hili, kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno huweza kubaki na salamu, dua na hesabu za moja mbili tatu, kwa sababu zimezoeleka mno. Mimi sikulijua. Nilikuwa nikiingia asubuhi na kusema shikamoo mama, kwa mazoea tu, huku najibiwa na kimya. Asubuhi moja marahaba ikaja, nzito, imekatika katikati, lakini ikaja. Shikamoo ni kitu ambacho mdogo hawezi kukikamilisha peke yake. Anaitoa, na mkubwa ndiye anayeipokea na kuirudisha. Mama alikuwa amenirudishia, na mimi nikawa tena na mkubwa nyumbani.

Baada ya hapo nilianza kumtafutia cha kufanya, na baadaye hakungoja nimtafutie. Mkono wa kushoto unachambua maharage kwenye ungo, taratibu, na hakuna jiwe linalompita. Viazi vya mbegu huletwa kwanza kitandani kwake. Anavigusa, vingine anavisukuma kando. Bonde hili la Kwai ndilo Wajerumani walilolifanya shamba la majaribio mwishoni mwa karne ya 19, kuona kama mifugo na mazao ya Ulaya yatakubali. Wao waliondoka, viazi vikabaki, na ujuzi wa kuvijua umekaa mikononi mwa wanawake kama mama. Dalali akija kutaka kabichi kwa lumbesa, mazungumzo yanafanyika mlangoni ili asikie. Bei mbaya anaikataa kwa kikohozi ambacho madalali wamekwisha kukifahamu. Na usiku ananiombea dua. Sisikii yote, nasikia jina langu.

Niliacha kibarua Dar es Salaam nilipopigiwa simu. Wapo wanaoniuliza kama nilifanya sawa, na swali lao si la kupuuza, kwa maana fedha niliyokuwa nikiituma ilikuwa ikinunua dawa. Katika mhadhara aliotoa Paris mwaka 1945, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alisimulia habari za mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka wa kijana huyo alikuwa ameuawa na Wajerumani mwaka 1940, baba alikuwa na mwelekeo wa kushirikiana na adui, na mama alikuwa amebaki na mtoto huyo mmoja wa kumfariji. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru. Abaki kwa mama, au aende? Sartre alimwambia kwamba hakuna kanuni inayoweza kumjibia. Yuko huru, achague.

Nimelifikiri sana jibu hilo, na ukali wake nauheshimu. Kilichokosekana ni mtu mmoja. Mama yule amewekwa kwenye mizani upande mmoja na Ufaransa upande wa pili, na kijana ndiye anayeshika mizani. Katika masimulizi yale hakuna mahali anapoulizwa anataka nini. Huenda angesema nenda. Huenda angesema kaa mpaka mavuno. Huruma ya kijana ni kubwa na uhuru wake ni mkubwa, na bado mama ni kitu kinachopimwa.

Uwais al-Qarani alikuwa Myemeni aliyeishi zama za Mtume na hakubahatika kumwona. Katika Sahih Muslim Mtume anamwambia Umar habari zake kabla hawajaonana: kwamba atakuja na watu wa Yemen, kwamba ana mama anayemtendea wema, kwamba akiapa kwa jina la Mungu, Mungu humtimizia, na kwamba Umar akiweza amwombe amtakie msamaha. Umar, khalifa, akamtafuta mpaka akampata, akamwomba. Wahadhiri wetu husimulia kilichomzuia Uwais: mama yake alikuwa mgonjwa na hana mwingine. Husimulia pia kwamba alimwomba mama ruhusa ya kwenda Madina, akampa kwa sharti asikawie; akafika, hakumkuta Mtume nyumbani, akarudi kwa ajili ya ahadi ile.

Aliyekosa kumwona Mtume kwa macho amekosa jambo ambalo hakuna Mwislamu anayeweza kulipima, na sitaki tulirahisishe. Lakini tofauti na yule kijana wa Paris, katika kisa hiki mama anasema. Anatoa ruhusa na anaiwekea mpaka. Wema wa Uwais umo ndani ya maneno ya mama yake. Mimi nilipofika kutoka Dar, maneno yaliporudi kiasi, jambo la kwanza nililomuuliza ni kama anataka nibaki au nirudi nikatume fedha. Alisema nibaki mpaka viazi vitoke. Viazi vimetoka, vikapandwa vingine, na kila msimu namuuliza tena.

Kenya wana filamu iliyolifikisha jambo hili mahali ambapo mahubiri yetu hayajafika. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inamhusu Jo, binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona na anayependa filamu za mashujaa. Mama yake anamchukua kutoka kituo cha wagonjwa ili wawe pamoja nyumbani, na kwa mapenzi yote aliyo nayo anataka alale, apumzike, alindwe. Dada yake Mwix anaona kwamba kulindwa kule kunamuua mapema. Kijiji kizima kinaingia katika kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mama na dada wote wanampenda mtoto yule; wanachogombania ni kama aliyebakiwa na siku chache ana kazi duniani. Mimi niko na Mwix. Sijaona filamu ya kwetu Tanzania inayomfuata kijana anayemuuguza mama yake siku kwa siku. Katika nyingi nilizotazama mama mgonjwa yumo, amelala kijijini, anakohoa, na kazi yake ni kufa ili mtoto wa mjini ajute. Hata pale anatumiwa.

Kuna pingamizi moja kubwa, nalo alinipa mama mkubwa. Alisema: wako anachambua maharage, je, yule ambaye akili imeondoka? Alikuwa na haki ya kuuliza. Huku Usambara tuna Lutindi, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Waliofika pale wanajua kwamba wagonjwa hufanya kazi, bustanini na katika karakana, na kazi ile ni sehemu ya tiba. Mtu ambaye kwao alifungwa kamba au kufichwa chumba cha nyuma anapewa jembe na mche. Kwa hiyo hata akili ikipungua, mkono unaweza kutoa.

Lakini sitaki kumjibu mama mkubwa kwa urahisi. Wako wasiofumbua macho, na kusema kwamba nao wanatoa ni kuwasingizia. Kwa hao nadhani tunachoshika ni amana. Alikuwa na neno lake alipokuwa mzima: aliogopa nini, aliona haya nini, alitaka azikwe wapi, nani asiingie chumbani kwake bila hodi. Mtoto aliyekuwa akipokea kwa mama miaka yote ana maneno hayo moyoni na anayafuata. Ambaye hakupokea atabuni.

Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyenionyesha jambo katika Injili ya Yohana ambalo nilikuwa silijui. Yesu akiwa msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Sisi husema alimtafutia mama mtu wa kumtunza. Mama mkubwa akaniambia, angalia anaanza na nani. Anaanza na mama. Anamwonyesha mwana kwanza, ndipo anamwambia mwanafunzi kwamba huyu ni mama yake. Mwanamke anayemwona mtoto wake akifa anapewa mtoto wa kulea kabla yeye mwenyewe hajapewa wa kumtunza. Mama mkubwa hakusoma theolojia, alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na sijamsikia mchungaji aliyelisema vizuri hivyo.

Kuhusu kuchoka. Katika Surat al-Israa, aya ya 23, Mungu anaamuru wema kwa wazazi, kisha anawataja wanaofikiwa na uzee wakiwa kwetu. Kitu cha kwanza anachokataza ni ile sauti ndogo ya kuchoka inayotoka mdomoni kabla mtu hajajua. Kulisha hakujatajwa, kufua hakujatajwa. Nilikuwa nikidhani ni adabu tu. Sasa najua kwa nini mdomo umetangulizwa. Sauti ile humwambia mgonjwa kwamba amekuwa mzigo, na aliyekwisha kusikia hivyo huacha kuomba maji, huacha kukataa asichotaka, huacha kushauri. Kwa pumzi moja umemnyamazisha. Chakula kikichelewa atakula baadaye. Hili halirudishiki hivyo. Mungu aliyekataza sauti hiyo alijua kwamba itatujia kooni, wala hakutuhukumu kwa kujiwa nayo. Ikinijia natoka nje nakwenda kwenye mikaratusi, na ninayetoka kumwona ni jirani yangu, ambaye naye anauguza.

Hata sheria za watu zimelipanga vizuri. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, katika ibara ya 29 unamtaka kila mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na awatunze wanapokuwa na shida. Utunzaji umewekewa wakati wake, heshima haikuwekewa.

Halafu kuna radhi. Kwetu simu ikipigwa kwamba mama ana hali mbaya, watoto hupanda mabasi kutoka Dar na Arusha, hufika usiku, hushika mkono uliopoa na kuomba radhi. Nimewaona wakiomba mama akiwa hana tena uwezo wa kutingisha kichwa, na waliosimama pembeni wakisema amekubali, ameshakubali. Nawaonea huruma, kwa sababu najua wanachokitafuta. Lakini kama radhi ni kitu ambacho mama anacho, na dini yetu inasema anacho, basi anaweza kukitoa na anaweza kukizuia. Ukiomba kitu ambacho hutaki kusikia kimezuiwa, hujaomba.

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya daku, niliomba radhi kwa mama. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Bado."

"Bado nini, mama?"

Akainua mkono wa kushoto akaelekeza mlangoni, kule chini kwenye kipande cha shamba kando ya kijito, ambacho kimenifanya mimi na kaka yangu tusisemezane tangu baba azikwe. Akataja jina la kaka, vizuri kuliko anavyolitaja langu.

Nilimweleza ustadhi. Alifikiri, akasema mama anaweza kuchelewesha kwa jambo la kheri, na kupatanisha ndugu ni kheri. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpigia kaka kabla ya kwenda kwake. Kaka alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akauliza kama kweli ni mama aliyesema, nikampa simu mama, akaita jina lake tena.

Anakuja Ijumaa. Mama amepanga kila kitu. Hataki tukae chumbani tukimwinamia kitandani. Atolewe nje, aketishwe kwenye kiti chenye mito, kaka akae kushotoni kwake, upande ambao mkono wake unashika, na aitwe mzee anayeujua mpaka wa shamba tangu enzi za babu. Makande yapikwe kwa maharage aliyoyachambua yeye. Kaka ndiye atakayeanza kusema, kwa kuwa ni mkubwa. Mimi nimeambiwa ningoje.